Barabara za Kasindi, Beni na Bunagana: peaje ni deni, nani atalihesabu?

Tarehe 16 Juni 2021, rais Félix Tshisekedi na mwenzake wa Uganda Yoweri Museveni walikutana mpakani, kati ya Kasindi na Mpondwe, wakazindua kazi za kutengeneza barabara tatu za mashariki mwa Congo. Ya kwanza ni Kasindi–Beni, kilomita 80. Ya pili ni Beni–Butembo, kilomita 54. Ya tatu ni Bunagana–Rutshuru–Goma, kilomita 89. Jumla ni kilomita 223 za lami zilizoahidiwa.

Wakaaji wengi walishika neno moja tu katika habari ya siku ile: lami. Kwa dereva aliyewahi kulala siku tatu katika matope, hilo lilitosha. Lakini habari ilikuwa na sehemu ya pili, ile ya pesa. Kwa mujibu wa mpango uliotangazwa mwaka 2021, gharama ya kazi ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 334 na nusu. Uganda ilichukua asilimia 20, Congo asilimia 20, na asilimia 60 zilizobaki zikawa juu ya kampuni ya binafsi, Dott Services ya Uganda, ambayo ndiyo inayojenga. Kampuni hiyo itarudishiwa pesa zake kupitia peaje, yaani ushuru atakaolipa kila mwenye gari akipita.

Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya barabara hizi si zawadi ya serikali yoyote. Ni mkopo. Na mwenye kuulipa ni mwenye kupita: mfanyabiashara wa Butembo anayeleta kontena kutoka Mombasa, dereva wa basi la Beni, na mama anayepeleka maharagwe ya Rutshuru kwenye soko la Goma.

Bariere na peaje si kitu kimoja

Katika Kivu, neno peaje linasikika vibaya, na si bure. Mwaka 2017, kituo cha utafiti IPIS cha Ubelgiji kilihesabu bariere 798 katika majimbo ya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Kuna za askari, za vikundi vya silaha, za watumishi wa serikali, na nyingine ambazo hakuna anayejua ni za nani. Msafiri anatoa pesa, kamba inashushwa, safari inaendelea. Hakuna risiti, na barabara haibadiliki.

Peaje ya kweli inatofautiana na bariere kwa mambo matatu. Bei yake imewekwa na sheria au mkataba, si na mtu aliyeshika kamba. Pesa zake zina kazi inayojulikana: kulipa ujenzi na kutunza barabara ileile. Na ina mwisho: siku deni limekwisha, kampuni inarudisha barabara kwa serikali.

Likikosekana moja kati ya hayo matatu, mwananchi ana haki ya kuuliza ikiwa kijumba kipya chenye taa na kompyuta si bariere iliyopakwa rangi.

Hesabu ya kwenye karatasi

Mwekezaji wa barabara ya peaje anaangalia namba tatu: bei ya kupita, hesabu ya magari kwa siku, na miaka atakayokusanya. Ukigusa moja, nyingine zinasogea. Ukitaka bei ndogo, lazima magari yawe mengi au miaka iwe mirefu.

Tufanye mfano. Asilimia 60 za dola milioni 334 na nusu ni karibu dola milioni 200. Tuseme pesa hizo zirudishwe kwa miaka 20, bila riba hata kidogo. Ni dola milioni 10 kila mwaka, yaani zaidi ya dola 27,000 kila siku, Jumapili na sikukuu ndani. Kama magari yanayolipa ni 500 kwa siku, kila moja linapaswa kutoa wastani wa dola 55. Kama ni 2,000, inakuwa karibu dola 14.

Lakini hakuna benki inayokopesha bure. Tukiweka riba ya asilimia 8 kwa mwaka, malipo yanapanda hadi dola milioni 20 kila mwaka. Ushuru unakuwa mara mbili, na bado hatujahesabu mishahara ya wafanyakazi, kuziba mashimo, wala faida ya kampuni.

Huo ni mfano tu, si bei ya mkataba. Lakini unaonyesha sababu kila kipengele cha mkataba wa namna hii kinamgusa raia. Riba, miaka na makadirio ya magari si mambo ya wataalamu peke yao. Ndiyo yanayoamua bei ya mfuko wa simenti Beni na bei ya sabuni Butembo, kwa sababu mwenye kamio hawezi kubeba ushuru huo mgongoni. Atauweka juu ya mzigo, na mnunuzi wa mwisho ndiye atakayeulipa.

Ni kweli pia kwamba barabara mbaya ina ushuru wake usioandikwa. Springi zinavunjika, mipira inapasuka, mazutu yanakwisha mara mbili kuliko kawaida, nyanya zinaoza njiani. Kama lami inaokoa zaidi ya kile peaje inachochukua, mfanyabiashara anapata faida na bei sokoni zinaweza kushuka. Kama peaje inakula faida yote ya lami, barabara itakuwa nzuri lakini maisha yatabaki palepale.

Nairobi ina njia ya chini

Kenya ilijaribu mtindo huu kwa sura yake. Mwezi Mei 2022 ilifungua barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27, iliyojengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa gharama ya karibu shilingi bilioni 88 za Kenya. Kampuni hiyo inakusanya ushuru kwa miaka 27, kisha barabara itakuwa ya serikali.

Mwanzoni gari dogo lililipa shilingi 360 kwa safari nzima. Tangu Januari 2024 linalipa 500. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni thamani ya pesa: shilingi ilishuka mbele ya dola, na deni ni la dola. Mwenye gari alikuwa analipa kwa shilingi, lakini hatari ya dola ilikuwa juu yake bila yeye kujua.

Congo inapaswa kusikiliza habari hiyo vizuri, kwa sababu hapa nako watu wanapata franka wakati mikataba mikubwa inahesabiwa kwa dola. Siku franka inashuka, peaje inapanda.

Lakini kuna tofauti kubwa zaidi. Nairobi, asiyetaka kulipa anabaki chini, kwenye barabara ya zamani ya Mombasa. Atakawia katika foleni, lakini atafika. Kati ya Kasindi na Beni hakuna barabara ya chini. Barabara ya taifa namba 4 ni hiyo moja tu. Kati ya Goma na Rutshuru ni barabara ya taifa namba 2, nayo haina mwenzake. Mahali ambapo msafiri hana uchaguzi, kampuni inakuwa kama mwenye kisima kimoja katika kijiji. Hapo soko haliwezi kumlinda raia. Anayeweza kumlinda ni serikali, kwa kuweka bei ya juu kabisa isiyoweza kupitwa, na kwa kutofautisha wanaopita kila siku na wanaopita mara moja kwa mwezi.

Uzito nao ni wa kuangaliwa. Wahandisi wa barabara wanatumia kanuni inayojulikana: ekseli ikibeba uzito mara mbili, inaharibu lami karibu mara 16. Motari mwenye abiria mmoja hana alama anayoiacha. Kamio iliyopakiwa kupita kiasi ndiyo inayovunja barabara. Ndiyo maana katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Congo iliingia mwaka 2022, gari la mizigo na mzigo wake havipaswi kupita tani 56. Peaje isiyo na mzani inawatoza wote ili kulipia uharibifu wa wachache.

Somo la Katanga

Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika Katanga ya zamani, madereva wanalipa peaje tangu miaka mingi kwenye njia ya Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Anayekusanya ni Société de Gestion Routière, SGR, kampuni iliyozaliwa katika ushirikiano wa Congo na makampuni ya China. Kwa upande wa magharibi, kati ya Kinshasa na Matadi, kuna SOPECO.

Njia ya Kasumbalesa inaonyesha kwamba peaje inawezekana Congo. Magari ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana, na hiyo ndiyo ndoto ya kila mwekezaji. Lakini pia inaonyesha ugumu wa kuhesabu. Raia anayelipa pale dirishani hana ubao wowote wa kumwambia mwaka uliopita ziliingia dola ngapi, ngapi zilirudi kwenye lami, na deni limebaki kiasi gani.

Mfano wa Sicomines unaeleza ubaya wa kuchelewa kuhesabu. Mkataba huo wa mwaka 2008 uliahidi dola bilioni 3 za barabara, hospitali na majengo mengine, zilipwe kwa madini. Mwezi Februari 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitoa ripoti ukisema kazi zilizofanyika zilikuwa za dola milioni 822. Ilikuwa imepita karibu miaka 15. Mwezi Machi 2024 mkataba ulifanyiwa marekebisho. Ahadi ikapanda hadi dola bilioni 7, zikiwemo milioni 324 kwa mwaka za barabara ikiwa bei ya shaba itabaki juu ya dola 8,000 kwa tani.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, mkataba si mlima. Unaweza kufunguliwa tena. La pili, mtoto aliyezaliwa siku ya kusaini mkataba wa kwanza alikuwa amekwisha kuingia sekondari kabla hesabu haijatolewa hadharani.

Serikali nyingine zilivyofanya

Senegal ilimpa Eiffage wa Ufaransa barabara ya Dakar–Diamniadio, iliyofunguliwa mwaka 2013. Bei zililalamikiwa kwa muda mrefu. Mwishowe serikali ilijadiliana upya na kampuni, na mwaka 2021 ikaingia yenyewe katika mtaji kwa asilimia 25. Sasa inakaa mezani mahali hesabu zinafanywa, na faida ikipatikana nayo inachota.

Abidjan, daraja la Henri Konan Bédié lilifunguliwa Desemba 2014 chini ya mkataba na kundi la Bouygues. Bei ya gari dogo ilikuwa iwe franka 700 za CFA. Serikali ikaishusha hadi 500, na tofauti ikawa juu yake yenyewe. Wenye magari walipumua, lakini pengo halikupotea: linalipwa na hazina, kwa hiyo na walipakodi wote, hata wasiopita darajani. Bei ndogo si ya bure. Kinachofaa ni kwamba uamuzi huo ulifanywa waziwazi.

Afrika Kusini iliona mwisho mwingine. Katika jimbo la Gauteng, serikali iliweka peaje ya kamera mwezi Desemba 2013 kwenye barabara za Johannesburg na Pretoria. Barabara zilikuwa zimekwisha kupanuliwa kwa mkopo, watu hawakuwa wamekubali, na wengi wakakataa kulipa. Tarehe 12 Aprili 2024 mfumo ulizimwa. Deni halikuzimwa nao: asilimia 70 zikabaki juu ya serikali kuu na 30 juu ya jimbo. Peaje isiyokubaliwa na wenye kulipa inarudi kwenye hazina.

Vita ndani ya mkataba

Mashariki mwa Congo kuna jambo ambalo Dakar na Abidjan hawakuliandika kwa herufi kubwa. Tarehe 13 Juni 2022, mwaka mmoja tu baada ya uzinduzi wa Kasindi, waasi wa M23 waliiteka Bunagana. Kazi za upande ule zikasimama. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma yenyewe ikaingia mikononi mwa AFC/M23. Upande wa Beni, kazi zilianza chini ya ulinzi wa majeshi, wakati operesheni Shujaa ya Congo na Uganda dhidi ya ADF, iliyoanza tarehe 30 Novemba 2021, ikiendelea. Magari yameshambuliwa na kuchomwa kwenye njia ya Kasindi zaidi ya mara moja.

Mwekezaji anaijua hatari hiyo na anaiweka ndani ya bei. Anaweza kuomba riba kubwa, miaka mingi, au dhamana: kwamba ikiwa magari hayakufika idadi fulani, serikali italipa upungufu. Dhamana ya namna hiyo ni deni lililofichwa. Haionekani kwenye bajeti siku ya kusaini. Inaonekana siku barabara inafungwa kwa risasi, magari hayapiti, na barua ya madai inafika Kinshasa.

Ndiyo maana swali la nani anabeba hatari ya vita lina uzito kuliko swali la bei. Ikiwa barabara imefungwa kwa miezi sita, je, kampuni inaongezewa miezi sita ya kukusanya, au inalipwa pesa taslimu? Na ikiwa kikundi cha silaha kinakusanya ushuru kwenye sehemu ya barabara, raia aliyekwisha kulipa huko analipa tena mbele?

Tumekwisha kulipa esanse

Kuna malalamiko mengine ambayo madereva na wamotari wanayajua kwa mfuko. Sheria namba 08/006-A ya tarehe 7 Julai 2008 iliunda Mfuko wa Taifa wa Kutunza Barabara, FONER. Mfuko huo unapata pesa kwa makato juu ya mafuta, pamoja na peaje. Kila lita ya esanse au mazutu inayouzwa kihalali ina sehemu ya barabara ndani yake. Kwa hiyo mwenye gari analipa mara ya kwanza pampuni na mara ya pili dirishani.

Hilo si kosa lenyewe. Congo ina kilomita 152,400 za barabara za kila aina, na kati yake kilomita 58,129 ni za barabara kubwa zilizo chini ya Office des Routes. Sehemu ndogo sana ndiyo yenye lami. Pesa za mafuta haziwezi kuzitosha zote. Lakini kama kampuni ya binafsi inatunza Kasindi–Beni kwa peaje, basi pesa za FONER zilizokuwa za kilomita hizo 80 zinapaswa kuonekana mahali pengine: kwenye njia ya mashamba ya Lubero, au kwenye daraja linalongojewa na kijiji fulani. Zisipoonekana, raia amelipa mara mbili kwa barabara moja.

Sheria ya kusimamia mambo haya ipo. Sheria namba 18/016 ya tarehe 9 Julai 2018 inahusu ushirikiano kati ya serikali na sekta binafsi. Inaeleza aina za mikataba, inaweka mashindano ya wazi ya makampuni kuwa kanuni, na imeweka chombo cha ushauri na uratibu kinachoitwa UC-PPP. Kwenye karatasi, Congo haina upungufu.

Upungufu uko kati ya karatasi na barabara. Peaje inagusa wizara ya kazi za umma, wizara ya fedha, FONER, Office des Routes, na mara nyingine serikali za majimbo ambazo nazo zinaweka ushuru wao. Kila mmoja ana kipande cha mamlaka. Dereva anapolalamika kwamba amelipa na shimo bado liko pale, haoni mlango mmoja wa kubisha.

Kabla bariere haijashushwa

Barabara ya lami kutoka Kasindi hadi Butembo, na siku moja hadi Goma, ni jambo ambalo vizazi viwili vimelingoja. Hakuna sababu ya kuikataa kwa kuwa ina peaje. Serikali haina dola milioni 334 zilizolala, na mtoto wa leo hawezi kungoja bajeti ya mwaka 2050.

Lakini maswali yanaulizwa kabla, si baada. Wabunge waliochaguliwa Beni, Butembo na Lubero wana haki ya kuuliza kwa maandishi, na mashirika ya raia yana haki ya kupata majibu:

Bei ya kila aina ya gari ni ngapi, na nani anaruhusiwa kuibadilisha? Inahesabiwa kwa franka au kwa dola? Mkataba ni wa miaka mingapi, na utaisha tarehe gani? Kampuni imeruhusiwa faida ya asilimia ngapi, na ikizidi, ziada inakwenda wapi? Wakaaji wa vijiji vya kando ya barabara, wanaopita kila siku kwenda shambani na sokoni, watalipa nini? Lami ikivunjika na haijatengenezwa kwa siku zilizopangwa, je, ushuru unapunguzwa? Na vita ikifunga njia, nani anapoteza?

Majibu hayo yanaingia kwenye ukurasa mmoja. Yanaweza kubandikwa kwenye ubao mkubwa pale pale dirishani, kwa Kiswahili na Kifaransa, pamoja na hesabu ya pesa zilizoingia mwaka uliopita na deni lililobaki. Dereva akisoma kwamba deni lilikuwa milioni 200 na sasa ni 180, atalipa akijua anakwenda wapi. Asiposoma kitu, atalipa kama alivyozoea kulipa kwenye bariere nyingine zote: kwa kutaka tu apite.